Fundi wa umeme wa boti Kigamboni, kazi yake nimeikubali

Wakuu nilikuwa nimechoka kufua maji ya boti yangu kwa upo (kile chombo cha kuchotea maji na kuyamwaga nje) kila alfajiri, nikamuita fundi mmoja huku Kigamboni anifungie pampu ya umeme ya volti 12 kwenye ngama (kule chini ya boti maji yanakojikusanya) pamoja na swichi zake. Kachelewa siku mbili, hiyo sijaipenda, ila kazi aisee! Kaweka swichi ya sehemu tatu, juu pampu inapiga muda wote, kati imezimwa, chini inajiendesha kwa boya, maji yakipanda boya linainuka mota inawaka yenyewe. Na waya wa boya kauvuta moja kwa moja toka kwenye betri, haupiti swichi kuu, maana boti ikilala nangani kila kitu kimezimwa ndo maji yanapojaa. Fyuzi kaiweka karibu kabisa na betri, waya ni ule wa shaba iliyopakwa bati sio wa nyumbani ambao chumvi inaula unakuwa kijani, na viungio vyote kavivisha mpira wa kubana kwa moto kavipandisha juu maji yasifike. Mwezi wa tatu huu sijashika upo. Ukimpata mwambie aijaribu kwa ndoo ya maji ukiona kabla hujamlipa.