Kiwiliwili cha plastiki cha sentimita 85: kinafaa, lakini kikague kabla ya kulipa

Vielelezo hivi vya mwili wa binadamu, vya plastiki ngumu na vyenye viungo vinavyotoka, vinapatikana katika maduka ya vifaa vya maabara katikati ya Nairobi, na wanunuzi wengi ni wanafunzi wa uuguzi na utabibu. Kila kimoja kina kichwa kilichopasuliwa upande mmoja, kifua, fumbatio na nyonga. Kundi la watu wanne au watano wanaosoma pamoja na kuchangia bei watafaidika nacho sana. Anayetaka kukariri majina pekee anunue chati ya ukutani.

Chati haikuonyeshi kipi kiko nyuma ya kipi, na hapo ndipo kiwiliwili kinapoishinda. Ukiondoa tumbo la chakula, unaiona kongosho imelala nyuma yake, kichwa chake kimo ndani ya mkunjo wa duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba) na mkia umeelekea kwenye wengu. Figo zimebanwa kwenye ukuta wa nyuma kabisa. Aliyeyashika haya kwa mikono yake ataelewa upesi kwa nini maumivu ya kongosho hupenya hadi mgongoni.

Ukikiunganisha, anzia nyuma uje mbele: figo na kibofu cha mkojo, kongosho pamoja na duodeni, utumbo, tumbo la chakula, kisha ini. Moyo utangulie mapafu. Ini likiwekwa mapema, tumbo halikai, na wengi hapo hulazimisha. Vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande huvunjika kwa kuzungushwa. Kila kipande kivutwe moja kwa moja kuelekea kwako. Ukipata chenye vijiti vya chuma, chukua hicho.

Sasa ukaguzi, maana vya bei nafuu hukosea mambo ambayo mtihani huyauliza. Figo ya kulia iwe chini kidogo kuliko ya kushoto, kwa kuwa ini liko juu yake. Kikizipanga sawasawa, kiache. Pafu la kulia liwe na sehemu tatu na la kushoto mbili. Moyo uegemee kushoto, takribani theluthi mbili zake zivuke mstari wa katikati. Pingili za uti wa mgongo za shingo ziwe 7, za kifua 12, za kiuno 5. Tazama rangi pia: ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya mapafu inapaswa kuwa ya buluu, kwa sababu inabeba damu yenye oksijeni kidogo, na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za mapafu ziwe nyekundu. Mpaka rangi asiyejua hili hupaka ateri zote nyekundu, na mwanafunzi hubeba kosa hilo hadi wodini.

Hata kilicho sahihi kina upungufu. Utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima hufikia kama mita 6, hapa ni bonge moja, na utando unaouning'iniza kwenye ukuta wa nyuma haupo. Mikono nayo haipo, kwa hiyo mkao wa kianatomia hauonekani: mwili umesimama wima, viganja vimeelekea mbele, vidole gumba nje. Mwenzenu mmoja asimame kando ya kiwiliwili katika mkao huo mnapojifunza maneno ya pande, la sivyo mtabishana bure kuhusu mfupa upi wa kigasha (mkono kati ya kiwiko na kiganja) uko upande wa nje. Na kulia daima ni kulia kwa mwili unaotazamwa. Kiwiliwili kikikuelekea, ini lake liko mkono wako wa kushoto.

Kisafisheni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Spiriti huondoa rangi. Kisiachwe dirishani penye jua.

Kile kidogo cha sentimita 42 hubebeka kwa urahisi kwenye matatu, lakini vipande vyake ni vichache. Uliza kwanza kama kongosho inatoka. Ikiwa imechorwa tu kwenye ukuta wa nyuma wa kiwiliwili, usikinunue.