Pedali za usukani wa ndege kwenye simuleta: zikague pale katikati

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo kamera nimeiweka chini ya meza kwa sababu mada yenyewe iko miguuni. Watu wananiuliza kila wiki: ninunue pedali gani za kurushia ndege kwenye kompyuta? Nitajibu, lakini kabla sijataja jina lolote nataka muone kitu kimoja.

Angalieni mguu wangu wa kulia. Naisogeza pedali mbele kidogo sana, kama milimita tano. Narudisha. Sasa kushoto, milimita tano. Narudisha. Mmeona zinavyopita pale katikati bila kukwama? Hicho ndicho ninachokitolea pesa. Wakati wa kutua, miguu haiendi safari ndefu. Inacheza hapo hapo katikati, kulia kidogo, kushoto kidogo, bila kupumzika. Pedali ikiwa na kibonde pale katikati, inakung'ang'ania kisha inakuachia ghafla, pua ya ndege inayumba huku na huku, nawe unaanza kudhani huna kipaji.

Kwa aliye mgeni, mkiani mwa ndege kuna bawa la wima, na nyuma ya bawa hilo kuna kipande kinachogeuka kulia na kushoto. Huo ndio usukani, na rubani anauendesha kwa miguu. Ncha za miguu zina kazi nyingine: ukizikandamiza unafunga breki, mguu wa kulia kwa gurudumu la kulia, wa kushoto kwa la kushoto. Wengi tulianza na jostiki, ile fimbo ya mkononi ya kurushia, ambayo unaizungusha ili kupata usukani, na kwa ndege kubwa za abiria inatosha kabisa. Tatizo ni kwamba mkono mmoja umebebeshwa kazi mbili. Unapovuta jostiki ili uinue pua, kifundo cha mkono kinajipinda chenyewe, usukani unaondoka bila wewe kutaka.

Nichukue mfano wa nyumbani. Uwanja wa Abeid Amani Karume pale Unguja una njia ya kurukia namba 18/36, maana yake imelala kaskazini hadi kusini. Msimu wa kaskazi upepo unatoka kaskazini-mashariki. Ukija kutua kwenye 36, yaani ukielekea kaskazini, na ndege ndogo ya Cessna Caravan, upepo unakupiga kutoka mbele upande wa kulia. Kwa hiyo unakuja na pua imeelekea kulia kidogo, usije ukasukumwa nje ya mstari. Karibu na lami, mguu wa kushoto unainyoosha pua, na wakati huo huo mkono unalaza bawa la kulia kuelekea upepo. Mkono kulia, mguu kushoto, kwa pamoja! Jostiki ya kuzungusha inakulazimisha ufanye vyote viwili kwa kiganja kimoja. Na ukishagusa chini bado hujamaliza, kwa sababu upepo unaukamata mkia na pua inataka kugeukia kule upepo unakotoka. Mguu wa kushoto unabaki kazini mpaka ndege ipunguze mwendo kabisa.

Haya, tufungue tuone ndani. Pedali za bei nafuu nyingi zinapima mguu kwa potenshiomita, kile kile kifaa kilichomo kwenye kitufe cha sauti cha redio. Kuna kisigino kidogo cha chuma kinachosugua juu ya utepe wa kaboni. Ikiwa mpya inafanya kazi vizuri. Lakini pedali zinakaa sakafuni, na vumbi lote la chumba linaishia sakafuni. Pedali zangu za kwanza zilianza hivyo: nimesimama mwanzoni mwa njia, miguu imetulia, na mstari wa usukani kwenye skrini unatetemeka kama una homa. Nikazifungua, nikapuliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zikatulia. Baada ya miezi michache homa ikarudi, na imerudi pale pale katikati, kwa sababu ndipo panaposuguliwa zaidi.

Sensa ya sumaku haina msuguano huo. Sumaku inapita karibu na sensa bila kuigusa, hakuna cha kulika. Kwenye boksi tafuta neno Hall, ndilo jina la sensa ya aina hii. Ukilikuta, ongeza pesa kama unazo.

Sasa majina. Thrustmaster TFRP ndizo wengi wanaanza nazo. Zinateleza kwenye reli, zina breki za ncha, na kwa watu wa Xbox au PlayStation unazichomeka kwenye jostiki ya T.Flight ya kampuni hiyo hiyo, kisha jostiki ndiyo inaingia kwenye mashine. Ni nyepesi, na miguu inakaa karibu karibu mno. Ukiwa na mapaja makubwa au miguu mirefu, saa moja tu magoti yatakulalamikia. Logitech Flight Rudder Pedals, zile zilizokuwa zinaitwa Saitek kabla Logitech haijainunua mwaka 2016, zina nafasi pana zaidi na kitufe cha kuongeza au kupunguza ugumu. Zote mbili zinatumia potenshiomita. Kwa mtu anayeanza, mimi ningechukua Logitech, kwa ajili ya nafasi ya miguu tu.

VKB T-Rudder ni ndogo, ya chuma, ina sensa isiyogusana, na pale katikati inapita laini sana. Haina breki za ncha. Kwa anayependa ndege za kivita za zamani hilo si kasoro, kwa sababu Spitfire na MiG-21 zenyewe breki zake zinakamatwa kwa mkono kwenye fimbo, miguu inagawa tu upande. Ila kwa Cessna utazikosa ukiwa unageuka kwenye maegesho.

Juu zaidi kuna MFG Crosswind kutoka Kroatia, na hapa nisikilizeni vizuri: ndani yake kuna kipande kidogo ambacho umbo lake ndilo linaloamua katikati pawe pagumu au palaini, na unaweza kukibadilisha. Yaani ile katikati unaichagua mwenyewe. Thrustmaster TPR inaning'iniza pedali kutoka juu kama bembea, sumaku ndani, na uzito wake ni kama kilo 7. Ukiiagiza kutoka nje, piga hesabu ya kilo hizo kwanza. Usafirishaji na ushuru vinaweza kukushangaza kuliko bei ya dukani.

Wa helikopta, ninyi mnataka pedali isiyojirudisha katikati, inayobaki pale ulipoiacha. Ulizia kama springi inalegezwa au kutolewa.

Halafu sakafu. Ukiwa na vigae kama mimi, unakanyaga kulia, pedali zinakwenda mbele, na kiti chenye magurudumu kinarudi nyuma. Hakuna pedali nzuri juu ya kigae kitupu. Fundi seremala alinikatia plaiwudi ndefu: mbele nimezikaza pedali kwa skrubu, nyuma ametoboa mashimo ambayo magurudumu ya kiti yanaingia na kukaa. Sasa nikisukuma, najisukuma mwenyewe, hakuna kinachosogea. Ubao huo umenipa faida kuliko kubadilisha pedali.

Kwenye mipangilio ya Microsoft Flight Simulator, jambo la kwanza angalia breki. Mara nyingi mihimili yake, yaani vipimo vya mwendo wa pedali, inasomwa kinyume: usipokanyaga, ndege imefunga breki, ukikanyaga ndiyo inaachia. Watu wanaweka gesi yote, ndege haiendi, wanarudisha pedali dukani. Geuza mhimili, imekwisha. Na ile sehemu ya katikati isiyosoma chochote, iache sifuri kama sensa yako ni safi. Ukiiongeza, unajinyima zile milimita tano nilizoanza nazo.

Haya, turuke. Cessna 172, gesi yote. Propela inazunguka kulia nikiitazama kutoka kitini, upepo wake unajisokota kuzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia kutoka kushoto. Oneni pua inavyotaka kwenda kushoto. Kamera chini, kwenye mguu wa kulia... kidogo... kidogo tena. Kasi inapanda, usukani unapata nguvu, napunguza mguu. Fundo 55, navuta. Magurudumu yameachia lami, na kile kigololi kwenye dashibodi, kinachoonyesha kama ndege inakwenda ubavu, kiko katikati.