Uzoefu wangu na Bandcamp kwa wasaka muziki wa mbali

Kwa muziki usiopigwa redioni, naitegemea Bandcamp, soko la mtandaoni ambapo wasanii na lebo (kampuni zinazotoa muziki) huuza kazi zao, kuliko programu nyingine yoyote, kwa sababu hapa unaongozwa na masikio ya watu.

Usianze na tagi, yaani neno la kupangia muziki, ya "world". Ni pana mno, haikufikishi popote. Anza na lebo inayojulikana kwa kazi moja. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyo wa singeli ya Dar es Salaam. Sahel Sounds inakupeleka Niger na Mali. Fungua albamu ya Les Filles de Illighadad, kundi la Watuareg wa Niger, na usome maelezo yaliyo chini ya orodha ya nyimbo kabla ya kusikiliza. Hawa wameoanisha gitaa la umeme na tende, ngoma ambayo ni kinu cha kutwangia kilichowambwa ngozi ya mbuzi. Vaa hedifoni, maana spika ya simu inameza besi yote. Utasikia kinu kikishika mwendo, makofi yakikijibu, na gitaa likizunguka humo humo bila kukivuta. Huo ndio mseto ninaouthamini: ukiiondoa ngoma, wimbo unavunjika. Sampuli ya sauti za kijijini iliyobandikwa juu ya biti ya klabu haina uzito huo, hata ikiuzwa kwa jina hilo hilo la mseto.

Kisha shuka hadi kwenye picha ndogo za walionunua albamu hiyo. Bonyeza mojawapo, na mkusanyo wa mnunuzi huyo utafunguka. Ukikuta albamu mbili tatu unazozipenda, mfuate. Atakufikisha mahali ambapo tagi haikufikishi. Ukirudi kwenye utafutaji, badilisha tahajia: gitaa la jangwani liko chini ya tuareg, tamasheq na tishoumaren, na kila neno lina matokeo yake.

Kadi yako lazima iwe imeruhusiwa kununua mtandaoni, la sivyo malipo yatakataliwa. PayPal pia inakubalika. Albamu hushuka ikiwa faili la zip, kwa hiyo ifungue kwanza ndipo kichezeshi cha simu kiione. MP3 ya kbps 320, ile ya ubora wa juu, hula takriban MB 2.4 kwa dakika, yaani karibu MB 100 kwa albamu ya dakika 40. FLAC, faili lisilopunguza ubora wa sauti, huweza kufika mara mbili ya hapo au zaidi, basi isubiri Wi-Fi.

Ukiweza, nunua siku ya Bandcamp Friday, Ijumaa maalumu zinazotangazwa na Bandcamp, ambapo kampuni huacha fungu lake, ambalo kwa kawaida ni asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, kwa hiyo kwetu Afrika Mashariki huanza Ijumaa saa 4 asubuhi, au saa 5 wakati wa baridi yao. Ukilipa alfajiri ya Ijumaa, umewahi mno, na fungu hilo litakatwa kama kawaida.