Linda Linda Linda (2005): wasichana wanne na kaseti ya zamani

Niseme mapema: kama unapenda filamu zinazokwenda mbio, hii itakuudhi. Ina dakika 114, na sehemu kubwa ya muda huo watu wanatembea kwenye korido, wanakula, wanasinzia, au wanatazamana bila la kusema. Mdogo wangu tuliyeanza naye alikuwa anakoroma kabla haijafika katikati. Mimi nilikesha nayo, na kesho yake nikairudia.

Hadithi yenyewe ni fupi. Shule ya sekondari kwenye mji wa kawaida nchini Japani inajiandaa kwa tamasha lake la kila mwaka. Bendi ya wasichana imevunjika: mpiga gitaa kaumia vidole akicheza mpira wa kikapu, kisha ukazuka ugomvi na mwimbaji akasusa. Wamebaki watatu na siku tatu tu za kujiandaa. Wakipekua masanduku wanakuta kaseti yenye nyimbo za The Blue Hearts, bendi ya panki iliyotamba Japani miaka ya 1980, na wanaamua hizo ndizo watakazopiga. Mwimbaji je? Wanakubaliana kumchukua msichana yeyote atakayepita. Anayepita ni Son, mwanafunzi kutoka Korea Kusini, ambaye anaitikia "ndiyo" kabla hajaelewa anaulizwa nini.

Son anachezwa na Bae Doona. Waliomwona akiwa Sun, yule bingwa wa ngumi, kwenye mfululizo wa Sense8, ule uliopigwa picha pia Nairobi, watamtambua mara moja, ila hapa hapigi mtu ngumi. Ni msichana mpweke aliyewekewa chumba cha maonyesho ya utamaduni wa Korea ambacho hakuna anayekitembelea. Kuna mahali anakwenda karaoke peke yake kufanya mazoezi, na mhudumu anamng'ang'ania kwamba lazima kwanza anunue kinywaji. Anajitetea kwa Kijapani chake cha kuungaunga. Nilicheka mpaka machozi, ingawa mtu yeyote aliyewahi kuishi ugenini anajua kwamba mambo kama hayo hayachekeshi wakati yanakutokea.

Kilichonishika zaidi ni jinsi urafiki wao unavyokua bila kutangazwa. Hakuna hotuba wala kukumbatiana huku muziki ukipanda. Mwongozaji, Nobuhiro Yamashita, anaweka kamera mbali na kuiacha hapo, nasi tunaona tu kwamba wanne hawa wameanza kukaa karibu karibu. Usiku mmoja chooni, Kei, aliyeacha kinanda akashika gitaa asilolizoea, anaongea Kijapani na Son anamjibu kwa Kikorea. Wanaelewana kabisa. Mwandishi mwingine angetuwekea kilio hapo. Hapa wanarudi zao mazoezini.

Mazoezi yenyewe mwanzoni ni balaa. Ngoma zinakimbia, gitaa linachelewa, Son anaimba kama anayesoma tangazo. Waigizaji wanapiga vyombo wenyewe, na Shiori Sekine anayepiga besi ni mwanamuziki kweli, wa bendi ya Base Ball Bear, ndiyo maana wanapoanza kushikana unalisikia badiliko lenyewe badala ya kuambiwa. Muziki mwingine wa filamu umetungwa na James Iha, aliyekuwa mpiga gitaa wa The Smashing Pumpkins. Ni wa chini chini, haujipendekezi.

Jambo jingine nililolipenda: hakuna kushindana. Sisi tuliokulia kwenye tamasha za muziki za shule Kenya tumezoea majaji, alama, na mwalimu anayefoka kwa sababu sauti ya tatu imeteleza. Hawa wasichana hawashindanii kombe lolote. Wakifaulu hakuna kitakachobadilika kwenye maisha yao, na ukumbi hata haukujaa mwanzoni. Bado nilipoona wamepitiwa na usingizi siku yenyewe, mvua inanyesha na wenzao wanawashikia jukwaa kwa kuimba chochote, moyo ulinidunda kuliko fainali ya mpira.

Ina udhaifu wake. Ugomvi wa Kei na Rinko, yule mwimbaji aliyesusa, umeelezwa nusu nusu, na wavulana wote ni kama viti vya ukumbini. Habari ya mpiga ngoma Kyoko na kijana anayempenda ingekatwa nisingeona pengo. Ila yule kijana mwingine aliyekariri Kikorea ili amtongoze Son, usimruke. Jibu analopewa ni la ukweli mtupu.

Ukiitafuta, chagua toleo lililosafishwa kwa 4K, lile lililoingia kwenye kumbi za sinema Marekani mwaka 2025. Maandishi ya chini niliyopata ni ya Kiingereza, ya Kiswahili sikuyaona. Na vaa visikizi vizuri, kwa sababu spika za kompyuta zinaiua besi, na bila besi wimbo wa mwisho hauna miguu. Ninaipa nne na nusu kwa tano.