Nyasi bandia Uyole: geuza jora utazame mgongo kabla ya kulipa

Wanaonipigia simu kuulizia kiwanja chetu cha mpira cha Uyole, Mbeya, wana maswali mawili: zulia lilikuwa bei gani, na je, bado ni kijani. Bei nitaitaja, na kijani bado kipo. Ila sijapata hata mmoja aliyeniuliza mgongo wa zulia ulikuwaje, na hapo ndipo hela yangu ilipopona.

Kiwanja chenyewe ni kidogo, cha watano kwa watano, mita 20 kwa 32, nyuma ya shule ya awali ninayoiendesha. Asubuhi ni cha watoto, jioni vijana wanakodi kwa saa. Zamani palikuwa udongo mtupu. Mwezi wa kumi vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye uji, mwezi wa kwanza watoto wanarudi kwao na matope magotini. Ukoka tulipanda, ukaota vizuri tu, lakini ukoka unahitaji kupumzishwa na kiwanja changu hakipumziki. Uwanja kama Sokoine hapa mjini una mechi kisha una siku za kukaa; hapa kwetu mpira hausimami. Nikaona wenzetu wa Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza walishawekewa nyasi bandia, nikaanza kuulizia.

Kabla ya shule nilikuwa fundi cherehani Mwanjelwa kwa miaka mingi. Nalitaja hilo kwa sababu muuzaji aliponiletea sampuli mbili kutoka Dar, kila moja ukubwa wa ukurasa wa daftari, mkono wangu uliigeuza ya kwanza upande wa ndani bila hata kufikiri. Nguo huijui ubora wake kwa kuitazama usoni. Kwa juu sampuli zote mbili zilikuwa sawa kabisa: majani marefu ya kijani, milimita 50, na chini yake vinyuzi vilivyojikunja vya rangi ya majani makavu. Kwa nyuma zilikuwa vitu viwili tofauti.

Nikamwomba anitumie video ya kiwandani, akanitumia. Niliirudia mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Mashine ya kutengeneza nyasi hizi ni cherehani kwa asili yake, ila upana wake ni mita 4, na badala ya sindano moja ina mamia ya sindano zilizopangwa safu moja kwenye chuma kimoja. Chuma kinashuka, sindano zote zinatoboa kitambaa cha plastiki kwa pigo moja na kupitisha nyuzi. Upande wa pili kila sindano inangojewa na kulabu yake, ambayo inaudaka uzi na kuufanya kitanzi, kisha kisu kinakata kile kitanzi na kuacha ncha zimesimama. Kitambaa kinasogea kidogo, chuma kinashuka tena. Nyuma ya mashine kuna rafu ndefu zimejaa koni za uzi, kila sindano na koni yake, na nyuzi zinasafiri ndani ya vijibomba vyembamba ili zisivurugane. Ukisikia fundi wa nyasi anasema “tano ya nane” au “tatu ya nane”, anataja nafasi kati ya sindano na sindano kwa inchi. Kwenye zulia la mita 4, tano ya nane ni sindano zipatazo 250. Tatu ya nane ni kama 420.

Sasa fundi cherehani yeyote akifika hapo atauliza: bobini iko wapi?

Haipo. Kwenye cherehani uzi wa juu na uzi wa bobini vinafungana, ndiyo maana mshono haufumuki ovyo. Mashine ya nyasi haina uzi wa chini. Uzi unapita, unakatwa, na unakaa pale kwa kubanwa tu na kitambaa. Ukitoka mashineni ungeweza kuung'oa kwa vidole. Kinachoufunga ni gundi: zulia likishashonwa linapelekwa kwenye mtambo mwingine, linapakwa mgongoni mpira wa maji, yaani lateksi, au poliurethani, na kupitishwa kwenye tanuri gundi ikauke. Ya lateksi haipitishi maji, hivyo hutobolewa matundu kwa vyuma vya moto ili mvua ipate pa kutokea. Kwa hiyo gundi ndiyo bobini, na anayepunguza gundi amepunguza mshono wenyewe.

(Ufundi huu una historia yake. Ulianza kwa mkono, wanawake wa mji wa Dalton, jimbo la Georgia, Marekani, wakitarizi mashuka ya kitandani mwishoni mwa karne ya 19. Karne iliyofuata zikaja mashine, na mashine zikahamia kwenye mazulia. Nyasi bandia zenyewe zilipata jina mwaka 1966 zilipotandikwa ndani ya Astrodome, Houston, enzi hizo zikiwa za nailoni. Mimi niliyetarizi vitambaa vya makochi miaka yote ile, habari hiyo ilinifurahisha kweli.)

Turudi kwenye sampuli. Karatasi za muuzaji ziliandika vishina 10,080 kwa mita ya mraba kwa zote mbili, kila mshono ukiwa kishina kimoja cha majani. Nikachukua futi kamba. Mistari ilikuwa ya tano ya nane kweli, ambayo ni mistari 63 kwa mita. Kisha nikahesabu mishono ndani ya sentimita 10 kwenye mstari mmoja. Sampuli ya kwanza ilikuwa na 16, sawa na 160 kwa mita, na 63 mara 160 ni hiyo 10,080. Ya pili ilikuwa na 13. Piga hesabu mwenyewe: vishina 8,190. Karibu moja ya tano ya nyasi imeyeyukia kwenye karatasi. Nilipomwonyesha muuzaji alicheka. “Mama, tangu nianze biashara hii hakuna mteja aliyenihesabia mishono.” Nikamwambia, “Mwanangu, mimi nimeshona sare za shule. Nahesabu.”

Nikazilaza zote mbili ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, maana lateksi ikiwa hafifu huonekana ikilowa. Asubuhi nikashika kishina kwa plaizi na kuvuta. Ya pili, ambayo gundi yake ilikuwa nyembamba kiasi cha kuona weupe wa kitambaa kati ya mstari na mstari, iliachia kishina kizima. Ya kwanza ilinivuta mimi. Nikachukua ya kwanza, Sh 38,000 kwa mita ya mraba. Ya pili alikuwa anaiuza Sh 29,000, na nyumbani kwangu wapo waliosema nachezea hela.

Suala la uzi wenyewe nilihangaika nalo zaidi, kwa sababu halipimiki kwa futi kamba. Majani yawe ya polithini, ambayo ni laini. Yale ya polipropilini ni makavu yakigusa ngozi, na mara nyingi hutumika kwenye vile vinyuzi vya chini. Kwenye karatasi utakuta namba ya dtex, ambayo ni uzito wa gramu kwa mita 10,000 za uzi. Uzi wangu ni 11,000, yaani mita 10,000 zina kilo 11. Namba kubwa ni uzi mzito, lakini haikwambii kama utahimili jua. Na kibaridi cha Mbeya kinadanganya watu. Tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inayokula plastiki inavyozidi ukali, hata kama umevaa sweta. Dawa ya kuzuia miale hiyo huchanganywa kwenye plastiki kabla haijawa uzi, pamoja na rangi, kwa hiyo macho hayaioni. Nilichofanya ni kudai dhamana ya rangi kwa maandishi, kisha nikaikata sampuli vipande viwili, kimoja kabatini na kimoja juu ya bati. Kiangazi kizima kikapita. Cha batini kimefifia kidogo sana, lazima uviweke pamoja ndipo uone, na jani ukilikunja halivunjiki. Hapo nimeridhika.

Mzigo ulikuja kwa lori, majora manane ya mita 20, kila moja karibu kilo 200. Vijana wanane wanalibeba jora moja, na lazima wawe wanane, kwa sababu likivunjika katikati mgongo unapata mkunjo usiotoka. Chini tuliweka kokoto na changarawe ya volkano, tukashindilia, tukaacha mwinamo. Hiyo ni kazi ya kawaida ya ujenzi, sina la ziada.

Kuunganisha ndiko kulikonitia wasiwasi. Tulitandika mwezi wa saba, na mnaoujua mwezi wa saba wa Uyole mnaelewa. Siku ya kwanza nilitaka waanze saa moja. Fundi mkuu, mzee wa Tukuyu, akakataa. “Mama, gundi hii na umande havipatani. Jua likipanda tutaanza.” Wakawa wanaanza saa nne. Kiungo kimoja tu kilipakwa jioni, wakati mzee hayupo na vijana wake wana haraka, na ndicho hicho kilichoachia mvua za mwezi wa pili. Walirudi kukirekebisha, lakini nafuta nusu nyota kwa hilo. Mzee mwenyewe nampa zote: aligundua jora mojawapo limelazwa kinyume, majani yanaangalia Mbalizi wakati mengine yanaangalia Igawa, kabla halijagundishwa. Majani yakilala kinyume, jora moja linaonekana kama limepakwa rangi nyingine, na huwezi kulificha tena. Nilimwambia “ndaga fijo”, asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka.

Kasoro ya kiwandani ilikuwepo. Jora la tano lilikuwa na mstari uliokosa uzi, urefu wa mkono mzima. Koni ikiisha au uzi ukikatika na msimamizi asione, sindano ile inaendelea kutoboa hewa. Viwanda makini hukagua na kuziba kabla ya gundi, hili liliwapita. Muuzaji alinipunguzia hela kidogo. Mstari niliuziba mwenyewe kwa shazia, ile sindano ya magunia ya viazi, kwa nyuzi nilizong'oa kwenye mabaki, kishina kwa kishina, kisha gundi mgongoni. Leo ukiniambia nikuonyeshe ulipo itabidi nipige magoti nitafute.

Mchanga unaojazwa katikati ya majani ulikwenda kilo 20 kwa mita ya mraba, karibu tani 13. Uwe umeoshwa, umechekechwa na kukaushwa kabisa. Mchanga wa mto ukiwa na vumbi la udongo unakwenda kuziba yale matundu ya mgongoni, na hapo umenunua bwawa. Mvua kubwa ya mwezi wa tatu ikikatika kwetu, chai haijapoa watu wanaendelea kucheza.

Nisichokipenda ni ile raba iliyosagwa kutoka kwenye matairi inayomwagwa juu ya mchanga. Mpira unadunda vizuri na goti halichubuki sana, nakubali. Lakini saa saba mchana mwezi wa kumi zulia linachoma, watoto wa awali siwaruhusu kabisa muda huo mpaka tumwagie maji. Na raba inatembea. Iko kwenye soksi, kwenye madaftari, mzazi mmoja aliniambia ameikuta kwenye kitanda cha mtoto. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuzuia chembe za plastiki, na uuzaji wa chembe za aina hii kwa ajili ya viwanja utakoma huko mwaka 2031. Kwetu bado inauzwa kama kawaida. Nimeweka mkeka wa kukung'utia miguu mlangoni na wavu kwenye mfereji. Nikirudia kazi hii nitatafuta nyasi fupi na nene zisizohitaji raba, hata zikiwa ghali.

Matunzo si sifuri kama walivyoniambia. Kila wiki kijana anapiga ufagio mgumu kinyume na majani yalivyolala, na kurudisha mchanga mbele ya magoli, ambako makipa wanauchimba. Hapo mbele ya magoli ndipo majani yameanza kupasuka ncha. Vishina bado vimeshika, nimevuta kwa plaizi ileile.

Kipande cha akiba, mita 3 kwa 4, nimekihifadhi stoo kikiwa kimefungwa. Wameshakuja watu wa baa kukitaka wakatandike kwenye kibaraza, mmoja amepandisha bei hadi nikacheka. Hakiuzwi. Kilitoka kwenye mkupuo uleule wa rangi, na mkupuo unaofuata haufanani.