Maabara ya Patholojia Iliyochunguza Ini la Mpwa Wangu
Ripoti ya biopsi, yaani uchunguzi wa kipande kidogo kilichokatwa mwilini, tuliyopewa na maabara hii ilistahili gharama yake, kwa kuwa haikuishia kutaja hepatoblastoma, saratani ya ini inayowapata hasa watoto walio chini ya miaka 3, bali ilieleza pia kwa nini chembe changa za damu zilionekana ndani ya uvimbe. Ini la kijusi hutengeneza damu kabla ya uboho wa mifupa kuichukua kazi hiyo, na seli za uvimbe huu hufanana na za ini hilo; kwa hiyo chembe hizo hazikumaanisha kwamba mtoto ana lukemia (saratani ya damu) pia, maelezo yaliyotupunguzia hofu kubwa. Hata hivyo majibu yalichelewa, na mtoto mwenye saratani hapaswi kungojeshwa.