Amadinda au do-re-mi ubaoni?

Kwa somo la muziki kidato cha kwanza hapa Kampala, mimi naanza na amadinda, marimba ya Baganda yenye vibao 12. Wawili hukaa wakitazamana; mmoja anapiga, mwenzake anajaza nafasi kati ya pigo na pigo. Mtoto akichelewa kidogo tu wimbo unavurugika, naye anausikia mvurugo huo papo hapo. Mapigo yanamwingia mikononi kabla hajajua yanaitwaje.

Do-re-mi, yale majina ya sauti za muziki yanayoandikwa ubaoni, haina gharama: chaki inatosha, hata darasa likijaa, na inafundisha kusoma muziki. Ila ngazi yake, yaani mpangilio wa sauti toka ya chini hadi ya juu, ina sauti 7; ya amadinda ina 5 zinazojirudia kwenye vibao vyake, tena zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Tafadhali, usiilazimishe amadinda iimbe do-re-mi. Masikio ya watoto yatachanganyikiwa. Do-re-mi ya ubaoni naileta muhula wa pili.